Nusu Idara ya Kiingereza, nusu Taaluma za Marekani: kitabu changu nimwandikie nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, mhadhiri wa fasihi ya Kimarekani katika chuo kikuu kimoja kilichoko huko huko Marekani. Nimekuandikia wewe kwa sababu uliwahi kufundisha chuo kikuu kabla ya kuishika safu hii, na kwa sababu hapa nilipo, kila ninayeweza kumwomba ushauri ni mtu atakayekuja kunipigia kura.

Niliajiriwa kwa nafasi ya pamoja. Nusu ya kazi yangu iko Idara ya Kiingereza, na nusu iko kwenye programu ya Taaluma za Marekani, fani inayoisoma nchi hii kwa kuchanganya fasihi, historia, sanaa, siasa na maisha ya watu wa kawaida. Mkataba wangu ni wa majaribio kuelekea ajira ya kudumu. Ukifika mwaka wa sita, kitabu na makala zako hupelekwa kwa wataalamu wa vyuo vingine, wao huandika barua za tathmini, kisha idara inapiga kura, kitivo kinapitia, na uongozi wa chuo unaamua. Ukipita, umekaa. Usipopita, unapewa mwaka mmoja wa mwisho, basi. Mimi niko mwaka wa tano.

Shida yangu ni kitabu chenyewe. Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamivu nilikuwa nikiandika juu ya Nathaniel Hawthorne, aliyefanya kazi ya forodha bandarini Salem, Massachusetts, kati ya 1846 na 1849. Katika utangulizi wa riwaya yake ya 1850 anaieleza ile nyumba ya forodha, na hapo anazitaja kwa kupita tu meli zinazotia nanga asubuhi, mara nyingi kutoka Afrika au Amerika ya Kusini. Ukurasa ule nilikuwa nimeshausoma na kuufundisha. Ndipo siku moja nikajiuliza: Afrika ipi? Sehemu ya jibu ni kwetu. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakija Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na 1837 akafika balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, naye alikuwa mtu wa Salem. Walileta marikani zilizofumwa viwandani kwao, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Kuanzia hapo kitabu kikapanuka. Sura moja ni ya Hawthorne. Nyingine ni ya shajara za Waters, zinazohifadhiwa Maktaba ya Phillips, ambayo siku hizi iko Rowley, si mbali na Salem. Nyingine ni ya pembe. Nyingi ziliishia Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandikwa juu ya vibonyezo vya piano. Vipande hivyo vililazwa safu kwa safu ndani ya nyumba ndefu za vioo ili jua livitoe umanjano. Na piano ndiyo hiyo unayoikuta sebuleni katika riwaya nyingi za Kimarekani za wakati ule. Binti anakaa, anapiga wimbo, wageni wananyamaza, na hakuna anayeuliza vidole vyake vinagusa nini. Mimi nataka kuuliza.

Mwaka jana nilimpa profesa mmoja mwandamizi wa Idara ya Kiingereza sura tatu azisome. Alizisoma kwa makini, maana aliweka alama karibu kila ukurasa. Akaniambia kwa upole kabisa: "Hii ni historia nzuri. Lakini sisi ni idara ya fasihi. Watathmini watauliza uhakiki uko wapi." Anashauri nirudi kwa Hawthorne na wenzake, Unguja ibaki sura moja ya mwisho. Mkurugenzi wa Taaluma za Marekani ameniambia kinyume chake. Kwake Hawthorne ameandikwa vya kutosha. Anataka niwape nafasi kubwa wafanyakazi wa viwanda vya pembe, na ananishawishi nihamishie ajira yangu yote kwao. Moyo wangu uko huko zaidi. Lakini programu yao ni ndogo, walimu wake wengi ni wa kuazima kutoka idara nyingine, na kuna minong'ono kwamba itaunganishwa na nyingine ili kupunguza gharama.

Wakati huo huo nafanya kazi mbili kamili: vikao vya pande mbili, kamati za pande mbili, wanafunzi wa pande mbili. Na mwenzetu wa fasihi ya Afrika akienda likizo, naombwa mimi niishike kozi yake, ingawa shahada yangu ni ya fasihi ya Kimarekani. Fasihi ya kwetu naipenda sana. Kinachoniuma ni namna ombi lenyewe linavyokuja, kana kwamba kule ndiko kwangu na Hawthorne nimeazimwa tu.

Kaka yangu nikimweleza haya huniambia mshika mbili moja humponyoka. Chuo kikuu kimoja nyumbani kimeniuliza kama niko tayari kurudi nikafundishe huko. Mama yangu yuko Unguja na umri umekwenda. Huniuliza kwa simu, "Hivyo unawafundisha Wamarekani Marekani yao?", na sijawahi kumpa jibu la kumtosheleza. Mume wangu ana kazi hapa, mwanetu yuko shule ya msingi. Viza yangu inamtegemea mwajiri huyu, na maombi ya ukaazi wa kudumu bado hayajakamilika.

Shangazi, niandike kitabu kipi? Nihamie upande gani? Au nirudi?

Mhadhiri wa Pande Mbili, Marekani

*

Marahaba mwanangu. Natumaini mu wazima wote hapo nyumbani.

Nikikuelewa vyema, umeniuliza maswali matatu kwa pumzi moja: la kitabu, la nafasi na la nchi. Yameingiana kiasi kwamba hofu ya moja inakujibia lingine. Ukiwaza juu ya kura, unataka kukata sura. Ukiwaza juu ya kukata sura, unatamani kurudi Unguja. Naona afadhali tuyatenganishe, tuanze na kitabu, kwa kuwa hicho ndicho kilicho mikononi mwako mwenyewe.

Kuna jambo umelikubali upesi mno, nalo ni kwamba Hawthorne ni fasihi na pembe ni historia. Hebu itazame barua yako. Umesoma ukurasa ambao wengi wameusoma, ukasimama kwenye maneno machache ambayo mwandishi aliyataja kwa kupita, ukauliza yanaficha nini. Mwanahistoria angeanzia kwenye shehena. Wewe ulianzia kwenye sentensi, na shehena ikaja baadaye. Hata piano yako umeiona kupitia kwa binti anayecheza na wageni walionyamaza. Huo ni usomaji wa mhakiki tangu mwanzo, na mtu aliyefundishwa kuhakiki riwaya ndiye anayeweza kuuliza swali lako kuhusu vidole.

Tena huyo Waters umempa sentensi moja tu, nami nilitaka unieleze zaidi. Alikuwa mshika dini, mtu aliyechukia utumwa, na shajara zake zinaonyesha hivyo. Akaja kufanya biashara katika bandari ambayo watu waliuzwa mbele ya macho yake, na pembe alizonunua zilibebwa kutoka bara mabegani mwa watu. Anachokitaja mtu kama huyo anapoandika peke yake, anachokikwepa, namna anavyojipatanisha na Mungu wake katika aya moja na mizani ya pembe katika inayofuata: nani atakayeyasoma hayo kama si mtu wa fasihi? Shajara ni maandishi. Ina msimulizi, ina msomaji anayefikiriwa, ina ukimya wake. Sura hiyo ikiandikwa kwa undani huenda ikamjibu yule profesa vizuri kuliko kuipunguza Unguja.

Sisemi kwamba profesa amekosea. Mimi sura zako sijaziona, yeye ameziona na kuziwekea alama. Inawezekana katika sura ya viwanda vya pembe ulirundika habari za mashine na bei hadi sauti yako ya uhakiki ikapotea kurasa kadhaa. Mrudie umuulize swali dogo kuliko lile la kwanza: ni katika kurasa zipi hasa uhakiki ulimpotea? Akikuonyesha mahali, una kazi ya kufanya pale. Asipoweza kuonyesha, basi pingamizi lake ni la mada, na pingamizi la mada ni la kulijua mapema, kabla faili halijafika mezani. Mkurugenzi naye muulize kwa nini anataka Hawthorne apungue. Mimi kilichonisumbua ni kwamba kila upande unataka ukate kile ambacho upande wa pili ungekutambua kwacho. Ukiwasikiliza wote wawili kwa ukamilifu, hutabaki na kitabu.

Unajua kunizidi mimi kwamba fani yako ilizaliwa na ugomvi huu huu. Katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, fasihi ya Kimarekani yenyewe ilidharauliwa ndani ya idara za Kiingereza za Marekani, ikaonekana tawi dogo la Uingereza. Katika miaka ya 1930 Harvard ikaanzisha shahada iliyounganisha fasihi na historia ya nchi hiyo, na Henry Nash Smith akawa miongoni mwa wa kwanza kuipata, mwaka 1940. Kitabu chake cha 1950 juu ya eneo la Magharibi kiliziweka riwaya za bei chee pamoja na siasa za ardhi na kilimo, na mwanamume huyo alifundisha katika idara za Kiingereza, Minnesota na kisha Berkeley. Leo Marx, aliyetoka Harvard hiyo hiyo, aliandika mwaka 1964 juu ya mashine inavyoingia katika taswira ya shamba ndani ya fasihi. Akafundisha Amherst, na miaka ya 1970 akahamia MIT, kwa wahandisi. Janice Radway katika miaka ya 1980 alikwenda kuwauliza wanawake wanaosoma riwaya za mapenzi wanapata nini humo. Amefundisha Pennsylvania katika idara ya Ustaarabu wa Marekani, akaenda Duke kwenye programu ya fasihi, kisha Northwestern kwa watu wa mawasiliano. Ukiwatazama hao, kazi ilibaki ile ile, kilichobadilika ni jina lililoandikwa mlangoni.

Hapo hapo nikutahadharishe. Smith na Marx walikuwa wanaume weupe, wazaliwa wa nchi hiyo, walioingia kazini vyuo vikipanuka na nafasi zikiwa nyingi. Wewe ni mwanamke mgeni mwenye viza, katika wakati ambao nafasi za fasihi zinapungua. Maisha yao yanaonyesha kwamba njia ipo. Hayakuhakikishii kwamba itakuwa wazi siku utakapoipita.

Kuhusu kuhama. Faida yake umeitaja: ungehukumiwa na watu wanaoielewa kazi yako, na ungepumzika na vikao vya pande mbili. Mada yako kwao haiko pembeni tena. Mwaka 1997 Mary Helen Washington, akiwa rais wa chama chao, aliuliza fani ingekuwaje kama masomo ya Waamerika Weusi yangewekwa katikati. Mwaka 2004 Shelley Fisher Fishkin, naye akiwa rais, akawahimiza waitazame Marekani kupitia mipaka yake na yanayovuka mipaka hiyo. Kitabu kinachounganisha Salem, Ivoryton na Unguja kinaingia moja kwa moja katika mazungumzo hayo.

Lakini minong'ono usiipuuze. Idara ile ya Pennsylvania niliyoitaja, pamoja na sifa zake zote, ilifungwa katika miaka ya 1990. Programu inayoishi kwa walimu wa kuazima haina wa kuipigania siku bajeti inapokatwa. Idara ya Kiingereza ina uzito mwingine, kwa kuwa ndiyo kwa kawaida inayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika, na kozi hizo chuo hakiwezi kuziacha. Hata hivyo usiidhanie kuwa ni ngome. Mwaka 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia ilipiga kura kuondoa programu 28 na nafasi 143 za wahadhiri, na waliokuwa na ajira ya kudumu hawakusalimika wote. Kwa hiyo swali la upande upi ni salama huenda halina jibu safi, na ukiliegemea peke yake utaamua kwa hofu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua yako haikuligusa kabisa, nami kwangu ndilo la kwanza. Nani anapiga kura? Je, pande zote mbili zinapiga, au mmoja anapiga na mwingine anaandika barua tu? Nani anachagua wale watathmini wa nje, na wangapi watatoka fani ipi? Kitabu kinatakiwa kiwe kimetoka, au mkataba na shirika la uchapishaji unatosha? Mtu aliyeajiriwa kwa nafasi ya pamoja anapaswa kuwa na hati ya makubaliano inayojibu haya. Itafute uliyosaini. Kama inasema idara ndiyo yenye kura na programu inashauri, basi nusu kwa nusu yako ni ya kazi tu, hukumu iko upande mmoja. Hilo linabadilisha hesabu nzima. Na ukikutana na mkuu wa idara, rudi ofisini umwandikie barua pepe siku hiyo hiyo: asante kwa muda wako, hivi ndivyo nilivyokuelewa. Asiporekebisha, una maandishi. Wakuu wa idara hubadilika, na ahadi ya mdomo huondoka nao.

Kuhama katikati ya safari kuna hatari nyingine: kunaweza kubadilisha vigezo au kuanzisha mazungumzo mapya juu ya muda. Na kwa kuwa viza na maombi yako ya ukaazi vimefungwa kwenye ajira uliyonayo, badiliko lolote la nafasi mwonyeshe kwanza mwanasheria wa uhamiaji uliyemlipa wewe. Wa chuo anakitumikia chuo.

Kati ya kukata kitabu na kuhama kuna njia za katikati ambazo hukuzitaja. Unaweza kuitoa sura ya Waters iwe makala katika jarida la fasihi hasa, ili watathmini wa Kiingereza wakuone ukisoma maandishi kwa macho wanayoyatambua, na kitabu kikabaki kama kilivyo. Hatari yake ni kuchukua muda wa mswada, na baadhi ya wachapishaji hawapendi sura nyingi ziwe zimeshatoka. Unaweza kumpelekea mhariri wa shirika la uchapishaji la chuo kikuu andiko la kitabu sasa hivi, kabla hujakimaliza, maana ripoti za wasomaji wao huchukua miezi. Mhariri hana kura idarani, naye atakuambia waziwazi kama anaona kitabu kimoja au viwili. Unaweza pia kuuliza kama chuo chako kinaruhusu kuongeza mwaka mmoja kabla ya tathmini. Wengine huona mwaka huo ni nafuu, wengine husema wajumbe huja wakidai kazi zaidi. Na chama cha MLA, ambacho ndicho cha watu wa lugha na fasihi huko, kilitoa ripoti mwaka 2006 kikizitaka idara zipunguze kukifanya kitabu kimoja kuwa kipimo pekee. Idara nyingi hazijabadilika, lakini ripoti ipo na unaweza kuitaja bila kuonekana mkorofi.

Hilo la kozi ya Afrika, sikio lako nadhani halikudanganyi. Inawezekana pia kwamba mkuu wa idara ana pengo tu na wewe uko karibu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Unaweza kukataa hadi faili lipite, ukakubali gharama ya kuonekana si mshirika. Unaweza kukubali kwa sharti lililoandikwa, kwamba muhula unaofuata unapunguziwa kamati. Au unaweza kupendekeza kozi yako mwenyewe, Salem na Unguja pamoja, iorodheshwe pande zote mbili. Hiyo ingekusaidia kuandika kitabu huku ukifundisha, ila kozi mpya inakula muda, na muda ndio unaoulilia.

Methali ya kaka yako ni nzuri, lakini inamhusu aliyeshika mbili kwa tamaa. Wewe mbili ulikabidhiwa na mkataba. Mweleze hivyo, aelewe kwamba kuachia mkono mmoja si jambo la kuamua peke yako.

Kuhusu kurudi, ningependa ujiulize kwa utulivu kama unatamani kufundisha nyumbani au unatamani kutokupigiwa kura. Ni matamanio mawili, na yote ni halali. Vyuo vyetu navyo vina mizigo yake: madarasa makubwa, muda mdogo wa utafiti, safari ya kwenda Rowley isiyolipiwa na mtu. Vina pia wanafunzi ambao Marekani inawagusa kila siku na hawana wa kuwafundisha kuisoma kwa jicho la kwao. Na mumeo umempa sentensi moja tu katika barua ndefu. Sijui yeye anasemaje. Naomba umsikilize kabla hujakijibu chuo cha nyumbani ndiyo au hapana.

Kabla ya yote hayo kuna hatua isiyokufunga. Umenitajia Salem, Rowley, Deep River na Ivoryton. Hukunitajia Kilimani. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko pale, karibu na mama yako. Kitabu chako kinauliza Wamarekani waligusa nini bila kuuliza. Upande wa walioyabeba, walioyapima na waliotoza ushuru, kama Jairam Shivji aliyeishika forodha ya Unguja zama za Waters, unasemaje? Ukija likizo ya majira ya joto, ukaingia Kilimani asubuhi na kukaa na mama jioni, unaweza pia kwenda kutoa mhadhara mmoja katika chuo kilichokuita, ukaona watu na mahali bila kuahidi chochote. Muulize mwanasheria kwanza kama ni salama kutoka nje ya Marekani wakati maombi yako yanaendelea. Na ukumbuke kwamba likizo hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya faili, kwa hiyo kila wiki ya Kilimani ni wiki ambayo mswada haukuandikwa.

Mama naye anastahili jibu refu kuliko analolipata kwa simu. Msimulie habari za marikani na sandarusi na zile nyumba za vioo. Ameishi Unguja maisha yake yote, huenda akakuuliza maswali ambayo pande zote mbili za chuo chako hazijakuuliza.

Ukishaipata hati ya makubaliano na kujua kura iko wapi, niandikie tena unieleze ilivyosema. Kama haipo kabisa, niambie pia, na mapema, kwa kuwa hapo suala la kuhama litabidi tulianze upya. Nisalimie mumeo na mtoto.

Shangazi yako